Daktari Utakayemwona Mara Moja Tu

Kuna daktari ambaye huenda ukamwona mara moja tu maishani. Hakuandikii dawa, hakupi tarehe ya kurudi, na majibu yake hayaji mkononi mwako kwanza. Ametumwa: na kampuni ya bima, na mwajiri, na korti, na ofisi ya usalama kazini, au na wale wanaosajili watu wenye ulemavu. Kazi yake ni kujibu maswali ya huyo aliyemtuma. Mtu huyu anaumwa nini? Chanzo ni ile ajali kweli, au alikuwa nacho zamani? Atapona, au hapo alipofika ndipo? Kazi gani anaiweza, na ipi imeshamshinda? Hiyo ndiyo tathmini huru ya afya, na wengi wetu hapa Malindi huingia humo bila kujua tunaingia wapi.

Mimi nimeijua kwa sababu ya mume wangu. Alikuwa mpakiaji kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, ukishavuka daraja la Sabaki. Kazi yenyewe ni magunia, gunia la kilo 50 kutoka chini hadi ndani ya lori, asubuhi mpaka jua liwe kali. Siku hiyo ubao wa kupandia ulikuwa umelowa, mguu ukateleza, akaanguka na gunia begani. Baada yake wakaja wengine: kaka yangu, mwalimu mwenzangu, jirani, shangazi. Mtaa ukishajua kwamba wewe umewahi kumpeleka mtu, wewe ndiye unayebishiwa hodi.

Nianze na sheria kidogo, maana bila hiyo mtu hajui kwa nini anaitwa. Ajali ya kazini Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, ambayo maofisini huiita WIBA. Mwajiri akipata habari ya ajali, ana siku 7 kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Aliyeumia naye ana miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha madai. Tangu Mahakama ya Juu iamue, Desemba 2019, kwamba sheria hiyo inasimama, madai haya huanzia kwa Mkurugenzi na si kortini. Ndani ya sheria hiyohiyo, Mkurugenzi au mwajiri anaweza kumtaka mfanyakazi akapimwe na daktari waliyemteua wao. Kukataa bila sababu ya maana kunaweza kukuharibia madai yako. Na gharama ya uchunguzi walioutaka wao si yako wewe.

Barua ya mume wangu ilipofika alifurahi. "Wameniitia bingwa," akaniambia, akaanza kutafuta mkoba wa nguo, akidhani huenda akalazwa. Ilibidi nimkalishe. Nilikuwa nimeuliza kwa katibu wa wakili mmoja pale karibu na mahakama, akanieleza kwa subira: huyo daktari hatamtibu. Atamtazama, ataandika, basi. Matibabu yake yabaki palepale yalipo, dawa zake aendelee nazo, na lolote atakaloshauriwa chumbani mle alilete kwa daktari wake wa siku zote. Uso wake ulibadilika. Nilimhurumia, kwa sababu alikuwa amengoja miezi mtu amwambie mgongo wake utapona.

Safari ilikuwa ya Mombasa, kilomita 120 hivi kwa matatu. Kwa mwenye mgongo mzima ni safari ya kulala usingizi. Yeye aliweza nusu tu. Tulishuka Kilifi akatembea-tembea, akajilaza kwenye benchi la duka moja, kisha tukapanda gari jingine na kulipa nauli upya. Nilitunza zile risiti za nauli, na nikamwambia alikumbuke lile benchi, maana nilijua tutaulizwa anaweza kukaa kwa muda gani.

Sasa lile lililonifanya niandike haya.

Daktari alikuwa mtu mstaarabu. Alisimama kutupokea, akatuonyesha viti, akafungua faili. Akauliza kwa Kiswahili kizuri, "Habari ya mgongo, baba?"

"Alhamdulillah, daktari. Hatujambo."

Nikaiona kalamu inaandika.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mgonjwa hata kama yuko kitandani wiki ya tatu, ukimwuliza hali atakwambia anaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu. Kulalamika mbele ya mgeni ni aibu, na kwa wazee wetu kunakaribia kukufuru. Ni adabu nzuri, wala sitaki mtu aiache. Lakini karatasi ile itasomwa na mtu aliye Nairobi ambaye hatamwona mume wangu kamwe, na huyo atasoma kwamba mgonjwa mwenyewe amesema hajambo.

Nikaomba ruhusa. "Daktari, samahani. Huyo amekujibu salamu. Muulize leo asubuhi viatu amevishwa na nani."

Mume wangu akanitazama, kisha akatazama chini. "Ananivisha yeye," akasema.

Daktari akaiweka kalamu. Akauliza soksi. Akauliza kuoga, nani anamsugua miguu. Akauliza choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kama ni cha kuchuchumaa, ananyanyukaje. Tulimweleza ile kamba iliyofungwa kwenye dirisha la choo. Akauliza na sala. Hapo ndipo mume wangu alipopata sauti yake, maana hilo lilikuwa linamuuma kuliko fedha: tangu aanguke hajarukuu wala kusujudu kama watu. Anasali juu ya kiti, msikitini yuko safu ya mwisho pamoja na wazee, naye bado hajafika umri wao. Daktari akauliza ni tangu lini, akaandika yote, mstari mmoja baada ya mwingine.

Basi nikafahamu jambo ambalo nimelirudia kwa kila niliyemsindikiza baadaye. Maumivu hayaonekani, wala neno "inauma sana" halimsaidii anayeandika, kwa sababu kila mtu husema hivyo. Anachoweza kukiandika ni kitendo. Nikisimama jikoni, kabla wali haujaiva inanibidi nikae. Ndoo ya lita 20 sasa inabebwa na mtoto. Nikigeuka usiku naamka. Mtu apitie siku yake yote, tangu kuamka hadi kulala, jana yake akiwa nyumbani ametulia, na mkewe au mama yake awepo, kwa sababu aliyezoea kusaidiwa husahau kwamba anasaidiwa.

Kisha ukaja uchunguzi wenyewe. Alimlaza chali, akamwinua mguu ukiwa umenyooka, polepole, mpaka mume wangu akasema basi. Baadaye, wakati amekaa ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, daktari akawa kama anaangalia goti, akaunyoosha mguu uleule. Ni kipimo kilekile kwa njia nyingine. Mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni unatakiwa kulalamika mara zote mbili. Mguu ukikataa umelala halafu ukanyooka bila neno umekaa, hilo litaandikwa. Alimtembeza kwa vidole, akamtembeza kwa visigino. Alimwambia ainue kidole gumba cha mguu huku yeye amekikandamiza kwa kidole chake. Cha kushoto kiliinuka. Cha kulia kilikaa.

Hicho kidole ndicho kilichoipa maana ile picha ya MRI tuliyokuwa nayo. Sisi tulikuwa tumeishikilia picha tukiamini imemaliza maneno, kwa kuwa ilionyesha diski imetoka. Daktari alitueleza, na baadaye daktari wetu wa Malindi akatueleza hivyohivyo, kwamba watu wengi waliofika umri fulani wana diski zilizochakaa au kutokeza na hawaumwi chochote. Picha ya mgongo wa mtu mzima ni kama ukuta wa nyumba ya zamani: nyufa hazikosi, na fundi hutafuta ule unaopitisha maji. Diski ya mume wangu iliyotoka ni ile iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Hiyo mara nyingi hubana mshipa unaokwenda juu ya wayo na kuinua kidole gumba. Picha na kidole vikasema neno moja. Kama ganzi ingekuwa kwingine kabisa, picha ingebaki picha.

Mwishoni alimshika viganja, akavigeuza mwangani. Sikuelewa anatafuta nini mpaka alipomwuliza, "Ulikuwa na sugu hapa?" Alikuwa nazo, ngumu, za miaka ya magunia. Zilikuwa zimelainika. Mikono ya mtu huhifadhi habari za kazi anayoifanya, na kwa yule anayedai kwamba hafanyi kazi huku anabeba zege mahali, viganja vingesema vingine. Jirani yetu mmoja alishauriwa na watu aende na magongo ya kuazima. Nilimwambia asithubutu. Mpira wa chini wa gongo linalotumika huisha, na mwenye kulitumia huwa na dalili mikononi na kwapani. Na macho ya daktari huanza kazi tangu unapoingia. Anayezidisha hupoteza hata kile cha kweli alichonacho, naye anayepunguza kwa adabu hupoteza vilevile. Mimi nimewaona wa pili wengi zaidi.

Ripoti ilipotoka tuliiomba nakala kwa maandishi. Ilikuwa na maelezo ya ajali, orodha ya karatasi alizosoma, alichokiona mwilini, maoni yake juu ya chanzo, na asilimia ya ulemavu wa kudumu. Hesabu ya WIBA kwa ulemavu wa kudumu inasimama juu ya mshahara wa miezi 96. Kwa mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi, miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Akipewa asilimia 10, anapata 192,000. Yaani kila asilimia moja kwake ni shilingi 19,200. Watu husoma asilimia tu wakafunga bahasha. Mimi nasema anza juu, maana asilimia imejengwa juu ya yale yaliyotangulia. Katika ya kwetu mguu wenye shida uliandikwa wa kushoto ukurasa mmoja, na wa kulia ukurasa wa pili. Tuliandika barua fupi ya heshima, tukaambatisha nakala ya daftari la hospitali, tukaomba jambo hilo moja lirekebishwe. Hatukugusa maoni yake. Marekebisho yakaja.

Lakini asilimia yake na ile aliyotuandikia daktari wetu wa Malindi hazikulingana, na nyumbani yakaanza maneno kwamba mmoja amehongwa. Nilizisoma pamoja, moja kulia moja kushoto, na tofauti kubwa niliyoiona ilikuwa tarehe. Mmoja alimwona mapema, bado misuli imekaza na anameza dawa za maumivu kila siku. Mwingine alimwona hali ikiwa imetulia, yaani pale ambapo matibabu zaidi hayatarajiwi kubadilisha kitu kikubwa. Ulemavu wa kudumu hupimwa vizuri hapo. Ukipimwa mapema mno unaweza kuandikiwa zaidi ya ulivyo au pungufu, na aliyekuita anaweza kuomba upimwe tena. Siwezi kusema hakuna madaktari wanaopendelea upande unaowalipa. Wapo, kama walivyo katika kila kazi. Ila kabla ya kumtuhumu mtu, tazama alikuona lini na alipewa karatasi zipi.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuweka pingamizi, Mkurugenzi naye ana siku 14 za kujibu, na baada ya hapo kuna siku 30 za kukata rufaa kwenye mahakama ya kazi. Hizo siku 60 ndizo zinazowapita watu, kwa sababu barua hukaa kwa mtu fulani wa ofisini, au kwa shemeji aliyepokea, mpaka wiki zimekwisha. Andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea, siku hiyohiyo.

Kaka yangu habari yake ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa msaidizi wa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni, na aliangukia jikoni mbele ya wenzake. Kifafa. Alikuwa nacho tangu ujanani, lakini nyumbani kwetu hakikuitwa hivyo. Waliita pepo, wakamfukiza, wakamfunga hirizi, na kubwa zaidi walinyamaza, kwa sababu ana dada ambao walikuwa bado hawajaolewa, nami nikiwa mmoja wao. Matokeo ya ukimya ule ni kwamba siku mwajiri alipotaka tathmini ya kujua kama anafaa kuendelea na kazi, hapakuwa na karatasi hata moja nyuma yake.

Tena kifafa kina ugumu wake. Anapokaa mbele ya daktari ni kijana mzima, anacheka, ana nguvu. Kipimo cha mawimbi ya ubongo, kile cha kubandika waya kichwani, kinaweza kutoka safi kabisa na mtu akawa na kifafa, kwa sababu kinapima dakika zile tu alizolala pale. Kwenye mgongo wa mume wangu kila kitu kilikuwa mwilini mwake. Huku kwenye kifafa ushahidi uko kwa wengine. Mwenyewe hajui alianguka vipi. Anayejua ni aliyekuwepo: macho yaligeukia wapi, mkono gani ulianza, ilichukua muda gani, alijikojolea au alijiuma ulimi, alizinduka akiwa amechanganyikiwa au alizinduka sawa. Nilimwomba mpishi mwenzake aandike aliyoyaona, akakubali. Mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu. Nilikaa naye usiku, nikamwambia, "Mama, huyu daktari hatawatangazia watu wa mtaani. Lakini usiposema wewe uliyemlea, ataandika kwamba ameanguka mara moja kwa sababu ya joto la jikoni." Akaja. Akasema yote, tangu mara ya kwanza akiwa darasani. Na mdogo wetu alikuwa na video kwenye simu, aliyoirekodi kwa kutojua afanye nini kingine. Daktari aliitazama mara nyingi kuliko alivyotazama karatasi zote.

Ripoti ile ndiyo iliyookoa kazi yake. Haikusema hafai. Ilisema asikae kwenye mafuta ya moto wala jiko la gesi peke yake, asipangwe zamu za usiku kwa sababu kukosa usingizi huamsha kifafa, ameze dawa bila kukatiza, na aangaliwe upya baadaye. Hoteli ikamhamishia stoo ya vyakula. Wengi husikia "unaitwa kupimwa" wakadhani ni kisingizio cha kufukuzwa, na mara nyingine ndivyo. Lakini swali likiulizwa vizuri, jibu linaweza kuwa orodha ya yale mtu anayoyaweza, na mwajiri akiwa nayo mkononi hana tena pa kusingizia.

Mwalimu mwenzangu alipata ajali ya barabarani, njia ya Kilifi, mguu ukavunjika. Kwa ajali za barabarani mlango ni mwingine: abstrakti ya polisi, yaani karatasi inayothibitisha kwamba ajali iliripotiwa, fomu ya polisi ya P3 inayoeleza majeraha, iliyojazwa na daktari wa serikali, kisha wakili, na kesi ya fidia ina miaka 3 ya kufunguliwa. Upande wake ulipeleka ripoti ya daktari, na bima ikamwita kwa daktari wao, wa mifupa. Huyo aliupima mguu kwa uangalifu, akaandika kwamba mfupa umeshika vizuri, na alisema kweli. Lakini mwalimu huyu alikuwa hapandi gari. Alikuwa akisikia breki anatoka jasho, halali, anaota ile sauti ya vioo, na shuleni alikuwa anafika amechelewa kwa kutembea kwa sababu hata tuktuk ilikuwa inamshinda. Hakumwambia daktari wa mifupa, na hata angemwambia, hiyo si fani yake.

Hapa ndipo nilipojifunza kuuliza mapema: huyu anayenipima ni daktari wa nini? Wa mifupa haamui mambo ya akili, wala wa akili haamui goti. Woga na ndoto za namna ile zikizidi mwezi mmoja baada ya tukio, zinastahili daktari wa akili, kwa matibabu kwanza na kwa ripoti baadaye. Wakili wake alikubali haraka. Aliyekuwa mzito ni yeye mwenyewe, aliogopa jina la kichaa litamfuata darasani. Nilimwambia wanafunzi wameshaona kwamba mwalimu wao anaruka honi ikipigwa. Alienda. Katika tathmini ya aina hii hakuna picha wala kipimo cha damu. Kuna mazungumzo marefu, maswali yanayorudi kwa njia nyingine, na ushuhuda wa watu wa nyumbani. Mumewe alisema usiku huwa anaamka akimkuta amekaa sebuleni taa imewashwa. Hilo mwalimu hakuwahi kulitaja, kwake lilishakuwa jambo la kawaida.

Kuna mengine niliyoyaona kwa kupita. Jirani aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha jenereta alipimwa masikio. Huyo anatakiwa akae mbali na kelele tangu usiku uliotangulia, maana sikio lililotoka kwenye kelele husikia vibaya kwa muda na kipimo hakitakuwa cha haki. Masikio yaliyoharibiwa na kelele huwa na alama yake: usikivu hushuka zaidi kwenye sauti nyembamba, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, na ndipo daktari anapoweza kutenganisha kelele na uzee. Kwa pumu, muhimu ni kupuliza kwenye mashine ya pumzi, na ikiwezekana kupimwa siku za kazi na siku za mapumziko ili tofauti ionekane.

Shangazi yangu alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari, akaenda kupimwa hospitalini ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kila mtu alidhani ni jambo la kuonekana, hakuna la kueleza. Lakini mguu uliobaki nao ulikuwa na ganzi, na macho yalikuwa yanafifia, na hayo yasingeandikwa kama tusingeyasema. Walimgusa wayo kwa uzi mgumu wa plastiki, sehemu moja baada ya nyingine, amefumba macho, aseme anapousikia. Sehemu nyingi alikaa kimya. Binti yake alikuwa hajui kwamba mama yake anatembea na wayo usiosikia msumari.

Sasa karatasi. Hospitali zetu nyingi za umma bado mgonjwa hubeba daftari lake mwenyewe, lile la shule, na humo ndimo maisha yake yote ya ugonjwa yalimo. Hewa ya huku na chumvi yake haina huruma na wino. Piga picha kila ukurasa siku ileile daktari anapoandika, uhifadhi na kwenye simu ya mtu mwingine. Usipeleke karatasi asili bila kubaki na nakala. Na kama kuna miezi ambayo hukwenda kliniki, eleza kwa nini, maana anayesoma faili akiona pengo anaweza kudhani ulipona. Mume wangu alikuwa na pengo la namna hiyo: fedha ziliisha, akawa anakandwa mgongo na mzee mmoja kwa mafuta ya nazi. Alitaka kuficha habari za kukandwa, akihofia daktari atamdharau. Tukasema. Daktari aliandika tu kwamba aliendelea kutafuta nafuu kwa njia aliyoiweza, na pengo likawa na maelezo.

Wanaume wengi hawataki kusindikizwa. Wanasema wao si watoto. Ukikutana na wa namna hiyo usishindane naye. Mpe karatasi yenye yale mnayomfanyia nyumbani, aikabidhi mwenyewe. Na kama Kiingereza cha daktari hakimwelei, aombe waziwazi wazungumze Kiswahili, au awepo wa kumtafsiria, kabla ya maswali kuanza. Kuitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa ni kuweka sahihi bila kusoma.

Sisi nasi tuliweka pingamizi juu ya asilimia ya mume wangu, nalo lilisikilizwa. Mume wangu alitumwa kwa daktari wa tatu, safari hii hapa karibu, na asilimia ikaongezwa, ingawa haikufikia ile ya daktari wetu. Fidia ililipwa. Kwenye chumvi hakurudi. Yuko dukani kwa ndugu yake, ana kiti chake, anapokea fedha na kuandika madeni, na mizigo wanashusha vijana. Shangazi bado tunaye njiani: wameahidi kumwita kwa ajili ya macho, na binti yake ameshanunua daftari jipya anamoandika kila siku mama yake anachoshindwa kukisoma, kuanzia bei za sokoni mpaka ujumbe wa simu.